Injini ya Gari la Zamani Inatetemeka Kwenye Sailensi: Kumsaka Mchawi Hatua kwa Hatua

Gari limesimama, gia iko huru, mguu hauko kwenye mafuta (hali hii ndiyo tunaiita sailensi), na usukani unakutetemesha mikono. Kioo cha ndani kinacheza mpaka humtambui aliye nyuma yako. Ukikanyaga kidogo injini inatulia kama haijawahi kukosea. Ukiachia inarudi kukohoa, na mara nyingine inazima kabisa. Wengi wetu tukifika hapo tunashika bisibisi na kwenda moja kwa moja kwenye kabureta.

Nilikuwa hivyo hivyo. Kabureta yangu ya kwanza niliifungua mara tatu ndani ya wiki mbili. Nikabadilisha gasketi, nikapuliza jeti, nikahesabu mizunguko ya skrubu mpaka nikaota usiku. Tatizo liko pale pale. Mara ya nne nilifungua kifuniko cha distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) kwa kuchoka tu, nikamulika tochi ndani, nikaona kiwaya cha ethi kinachounganisha sahani ya pointi (swichi ndogo inayokata na kurudisha umeme wa cheche) na mwili wa distribyuta. Kwa nje kilionekana kizima. Nilipokivuta kwa koleo, ngozi yake ilinyooka kama mpira: ndani zilibaki nyuzi mbili tatu za shaba. Injini ikitikisika, umeme unakatika na kurudi. Kiwaya chenyewe hakizidi urefu wa kidole.

Tangu hapo nina utaratibu mmoja: kabureta naigusa mwisho. Si kwamba kabureta haziharibiki. Ila marekebisho yake yanategemea kila kitu kingine kuwa sawa: valvu, cheche, taimingi (wakati cheche inaporuka), na hewa isiyoibwa njiani. Ukiirekebisha kabla ya hayo unaificha hitilafu, na kesho utaitafuta ikiwa imevaa nguo nyingine.

Mwongozo huu ni wa injini za petroli zenye kabureta na distribyuta. Injini za injeksheni zina mambo yake.

Kabla ya kuanza

Fanyia kazi mahali penye hewa, kwa sababu moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, nayo haina harufu ya kukuonya. Mikono mirefu ya shati, kamba na nywele vikae mbali na feni na mkanda wake. Umeme wa koili, kifaa kinachoukuza umeme wa plagi, unafika maelfu ya volti, na petroli haihitaji zaidi ya cheche moja. Kizima moto kiwe karibu, si ndani ya buti.

Vifaa si vingi: fila geji (vibati vya kupimia mianya), spana ya plagi, multimita, taa ya taimingi, geji ya vakyumu (ya kupima mvuto wa hewa wa injini) na geji ya kompresheni (ya kupima mgandamizo ndani ya silinda). Geji ya vakyumu ndiyo watu huidharau, nami ningeinunua kabla ya zote.

Tafuta pia kitabu cha gari lako. Namba nitakazotaja ni za kawaida kwa injini nyingi, lakini kitabu chako kikisema tofauti, kifuate chenyewe.

Hatua ya 1: Sikiliza kwanza

Washa injini mpaka ifikie joto lake la kazi. Usihukumu sailensi ya injini baridi. Hakikisha choki imerudi yote: kama ni ya kuvuta kwa mkono, usiangalie kitufe cha ndani tu, fungua boneti uone kama mkono wake kwenye kabureta umerudi mpaka mwisho. Waya wa choki ukikauka hukwama nusu njia, na nimeona watu wakinunua plagi mpya kwa kosa hilo.

Sasa nenda nyuma, usikilize kwenye bomba la ekzosi. Unatafuta jibu la swali moja: mkohozo una mpangilio au hauna?

Ukija kwa mpangilio (puf, puf, puf, *puh*, puf, puf, puf, *puh*), kuna silinda moja isiyofanya kazi. Ukija ovyo ovyo, bila kujua utatokea lini, kinachosumbua kinazigusa silinda zote: cheche dhaifu, mchanganyiko mbaya, au hewa inayoingia mahali pasipotakiwa. Ukiwa wa mawimbi, yaani injini inapanda na kushuka polepole kama inapumua usingizini, shuku mchanganyiko mwepesi (hewa nyingi, mafuta machache) au hewa ya wizi.

Shika kipande cha karatasi karibu na mdomo wa bomba. Kwenye injini nzima karatasi husukumwa nje bila kukoma. Ikiwa kila baada ya muda inanyonywa na kugota kwenye bomba, huenda valvu ya ekzosi haifungi vizuri. Usiifungue injini kwa ushahidi wa karatasi, ila uuweke akilini.

Tazama na moshi. Mweusi ni mafuta mengi. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, ni habari ya gasketi ya silinda hedi.

Hatua ya 2: Ijue silinda mvivu

Kama mkohozo una mpangilio, itafute silinda yenyewe. Zima injini. Chomoa waya wa plagi ya silinda ya kwanza, uchomeke kwenye plagi ya akiba, na ubane mwili wa plagi hiyo kwenye chuma tupu cha injini, mbali na kabureta na mipira ya mafuta. Washa, sikiliza. Zima, rudisha, nenda ya pili. Mafundi wengi huchomoa waya injini ikinguruma. Ni haraka zaidi, lakini waya ulioachwa hewani unailazimisha koili kutafuta njia nyingine ya kutolea umeme, na wakati mwingine njia hiyo ni mkono wako.

Silinda nzima ikikatwa, injini inashuka mizunguko na kutetemeka zaidi. Ukikata moja na injini isijali, umempata. Njia ya mkato: injini ikiwa baridi kabisa, iwashe, na baada ya nusu dakika dondoshea tone la maji kwenye kila tawi la manifoldi ya ekzosi. Tawi ambalo maji yanakaa bila kuchemka ndilo la silinda iliyolala.

Hamisha plagi ya silinda hiyo kwenye nyingine. Tatizo likihama nayo, plagi ndiyo mbovu. Lisipohama, badilishana waya. Lisipohama tena, kagua kifuniko cha distribyuta kwenye nafasi hiyo, halafu nenda kwenye kompresheni.

Na kama gari limetoka kufanyiwa kazi, usione aibu kuhakiki mpangilio wa nyaya. Injini nyingi za silinda nne zilizopangwa mstari huwaka 1-3-4-2. Volkswagen ya kobe huwaka 1-4-3-2. Nyaya mbili zilizopishana zinaweza kukupa injini inayowaka na kutembea, lakini kwa shida.

Hatua ya 3: Umeme

Hapa usiharakishe, maana hitilafu nyingi za sailensi za magari haya zinaishia hapa.

Anza na plagi. Rangi ya kahawia iliyofifia ni nzuri. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi au cheche dhaifu. Weupe kama chokaa ni mchanganyiko mwepesi. Plagi iliyolowa petroli haiwaki. Iliyolowa oili inakueleza habari za ringi au mipira ya valvu. Ila kumbuka kuwa injini iliyoachwa kwenye sailensi muda mrefu huchafua plagi hata kama haina kosa. Ukitaka ukweli wa plagi, endesha gari kwa mwendo wa kawaida, zima, kisha fungua. Mwanya wake mara nyingi ni kati ya milimita 0.6 na 0.8.

Fungua kifuniko cha distribyuta, ukitazame ndani kwenye mwanga mkali. Unatafuta mstari mwembamba mweusi kama unywele unaokimbia kutoka nukta moja hadi nyingine. Huo ni ufa uliounguzwa na cheche zinazokatiza njia, na hausafishwi, kifuniko kinabadilishwa. Angalia kama kile kidoti cha kaboni cha katikati kipo na kinarudi kikibonyezwa. Kisha injini ikiwa inawaka gizani, fungua boneti uangalie nyaya. Zikiwa zinavuja utaona vimulimuli vya bluu. Nyunyizia ukungu mwepesi wa maji, vitaonekana zaidi.

Sasa pointi. Pointi zilizotumika hujenga kichuguu upande mmoja na shimo upande wa pili. Fila geji hukaa juu ya kichuguu na kukudanganya: unasoma 0.40 ilhali mwanya halisi ni mkubwa zaidi. Pointi za hivyo zibadilishe, au zisawazishe kwa tupa ndogo kama huna mpya. Mwanya wa kawaida kwenye injini za silinda nne ni milimita 0.35 hadi 0.45, ukipimwa pale kemu inapozifungua kabisa. Futa pointi mpya kwa kitambaa safi kabla ya kufunga, maana mara nyingi hutoka na mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta hayo yanatosha kukupotezea mchana mzima.

Pointi zinazoungua haraka na kuwa za bluu au nyeusi zinamtaja kondensa, kile kikopo kidogo kinachozikinga pointi zisiunguzwe na cheche. Kondensa akifa kabisa injini kwa kawaida haiwaki. Akifa nusu unapata cheche dhaifu ya rangi ya chungwa badala ya bluu yenye mlio. Usimtupe wa zamani anayefanya kazi kwa sababu tu umenunua mpya, kwani ubora wa wapya haulingani. Mimi hubaki na wa zamani ndani ya gari.

Shika ncha ya shafti ya distribyuta uitikise kulia na kushoto. Isicheze zaidi ya kidogo sana. Ikicheza, kila silinda inapata mwanya wake wa pointi na cheche inakuja wakati wake tofauti. Hapo utarekebisha mpaka uzeeke. Na kile kiwaya cha ethi nilichokisimulia: kivute kwa koleo. Usikiangalie tu.

Dayaframu ya vakyumu ya distribyuta inajaribiwa kwa mdomo. Chomoa mpira wake upande wa kabureta, vuta hewa, kisha ziba kwa ulimi. Sahani ya pointi inatakiwa ijongee, na ulimi ubaki umenata. Ulimi ukiachia wenyewe kwa sababu hewa inaingia, dayaframu imetoboka, na tundu hilo ni mlango wa hewa ya wizi pia.

Taimingi inafuata pointi, haitangulii kamwe, kwa sababu ukibadilisha mwanya wa pointi umebadilisha taimingi: ukiupanua, cheche inawahi, ukiubana, inachelewa. Kama kitabu kinasema mpira wa vakyumu uchomolewe na kuzibwa wakati wa kupima, fanya hivyo. Alama ikitulia chini ya taa, vizuri. Ikirukaruka, rudi kwenye shafti. Kuna mtego mmoja: puli nyingi za kranki zina mpira kati ya kitovu na pete ya nje, na mpira huo ukizeeka pete inateleza pamoja na alama yake. Chomoa plagi ya silinda ya kwanza, ingiza kijiti kirefu cha plastiki, zungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ifike juu kabisa. Alama isiposoma kilele, taa yako ilikuwa inasoma uongo.

Hatua ya 4: Hewa ya wizi

Kwenye sailensi kipepeo cha kabureta karibu kimefungwa, na injini inapumua kwa tundu dogo. Hewa kidogo inayoingia mahali pengine inakuwa sehemu kubwa ya pumzi yake. Ukikanyaga mafuta, kipepeo kinafunguka na hewa ile ya wizi inakuwa si kitu. Ndiyo maana gari linakohoa likisimama na kunyooka likikimbia.

Funga geji ya vakyumu kwenye manifoldi ya kuingiza hewa. Injini nzima, karibu na usawa wa bahari, husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki, na mshale hutulia. Ukiwa nyanda za juu, punguza takriban inchi 1 kwa kila mita 300. Mshale uliotulia lakini uko chini: taimingi imechelewa au kuna hewa ya wizi. Unaoshuka ghafla kwa mpangilio na kurudi: valvu moja haifungi. Unaotangatanga polepole: mchanganyiko.

Ziba mipira moja moja kwa koleo lenye mdomo laini huku ukisikiliza: wa busta ya breki, wa kupumulia injini, wa dayaframu. Sailensi ikibadilika ghafla unapobana mmoja, fuata huo. Kisha chukua chupa ya kunyunyizia maji, upulize kidogo kwenye maungio ya manifoldi, chini ya kabureta, na kwenye ncha mbili za shafti ya kipepeo. Injini ikibadilisha sauti, maji yameziba tundu kwa sekunde chache. Wengi hutumia petroli au dawa ya kusafishia kabureta. Inaonyesha vizuri zaidi, lakini manifoldi ya ekzosi mara nyingi iko papo hapo chini, nayo ni moto wa kuunguza. Nabaki na maji.

Shafti ya kipepeo iliyolika ni ugonjwa wa uzee. Ishike uitikise, ikicheza juu na chini, hakuna skrubu itakayokuponya. Tundu lake linachongwa upya na kutiwa bushi.

Nati za manifoldi hulegea kwa miaka ya joto na baridi. Kaza kwa kipimo, injini ikiwa baridi.

Hatua ya 5: Valvu na kompresheni

Injini ikiwa na joto, chomoa plagi zote, katisha umeme wa koili, kanyaga mafuta mpaka chini, na uzungushe kwa stata mizunguko mitano au sita kwa kila silinda. Jambo kubwa si namba yenyewe bali ulingano. Silinda zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, kuna neno. Silinda iliyo chini itilie kijiko kidogo cha oili, pima tena: ikipanda, ringi zimechoka; isipopanda, ni valvu au gasketi. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika katikati yao.

Kabla ya kukata tamaa, pima mianya ya tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa ili valvu ifunge kabisa. Magari mengi ya zamani yalitengenezwa kwa petroli yenye risasi, ambayo ilikinga viti vya valvu za ekzosi. Petroli hiyo imekwisha kwenye vituo vya magari duniani kote tangu 2021. Kwenye injini yenye viti laini, valvu huzama taratibu kwenye kiti chake na mwanya wa tapeti hujifunga wenyewe. Injini ikipata moto, valvu inabaki imeachama kidogo. Dalili yake ni sailensi nzuri asubuhi, mbaya mchana, na hakuna tapeti inayopiga kelele. Watu huogopa tapeti zenye kelele; mimi naogopa zilizonyamaza.

Hatua ya 6: Sasa kabureta

Kwanza mafuta yenyewe. Petroli iliyokaa miezi tangini hupoteza nguvu ya kuwaka kirahisi. Toa kidogo kutoka kwenye bakuli la kabureta, uiweke kwenye chupa ya kioo, subiri. Maji hukaa chini, na uchafu utauona.

Kwenye kabureta za jeti za kudumu, kama Solex na Weber nyingi, jaribio kubwa ni moja: injini ikiwaka, funga skrubu ya mchanganyiko taratibu. Injini lazima ilegee na kutaka kuzima. Isipojali, skrubu hiyo haiongozi tena chochote. Ama jeti ya sailensi imeziba, ama mtu aliyekutangulia amepandisha skrubu ya kipepeo ili kuficha kosa, na kipepeo kimefunguka kiasi kwamba mafuta yanavutwa kwenye matundu ya juu. Teremsha kipepeo, safisha jeti kwa hewa, usitumie waya, maana waya hukwaruza na kupanua tundu. Kama kabureta yako ina swichi ya umeme ya kukata mafuta ya sailensi, igusishe waya wake swichi ya funguo ikiwa imewashwa: lazima isikike *tik*.

Kisha funga skrubu ya mchanganyiko mpaka iguse tu, bila kukaza, kwa sababu ukikaza, ncha yake huweza kuharibika na kupasua kiti. Ifungue mzunguko mmoja na nusu, washa, kisha tafuta mahali ambapo injini inazunguka kwa kasi na ulaini zaidi. Shusha sailensi hadi kiasi cha kitabu, mara nyingi 700 hadi 900 kwa dakika, urudie mchanganyiko, urudie sailensi. Zamu mbili au tatu zinatosha.

Kwenye SU, aina ya kabureta yenye pistoni yake ndogo inayopanda na kushuka, hakikisha pistoni hiyo inaanguka yenyewe na kugota kwa mlio mkavu, na oili ya juu ipo. Kisha inua pistoni kama milimita moja. Mizunguko ikipanda kidogo kwa muda mfupi na kutulia, umepata. Ikipanda na kubaki juu, mchanganyiko ni mzito. Ikianguka, ni mwepesi. Zikiwa kabureta mbili, legeza kwanza kiungo kinachozifunga pamoja, linganisha mvumo wa hewa kwa kipande cha mpira sikioni, ndipo uguse mchanganyiko.

Rudisha kichujio cha hewa. Ikiwa injini iliyokuwa laini inaharibika hapo hapo, usiguse skrubu. Fungua kichujio tena: ama kimeziba, ama, kwenye SU, gasketi yake imewekwa kichwa chini na imefunika matundu madogo ya kupumulia pistoni. Igeuze, funga upya.